Sanamu ya Lusinga: Nani Hupanga Thamani Kando ya Ziwa Tanganyika?

Marekani na Uingereza wapo watu wazima, wenye kazi na familia, wanaokusanya sanamu ndogo za wanamieleka. Mwaka 1984 kampuni ya LJN ilianza kuuza sanamu za mpira za wanamieleka wa WWF waliokuwa wakivuma kwenye televisheni, Hulk Hogan akiwa miongoni mwao. Kati ya mwaka 1990 na 1994 kampuni ya Hasbro nayo ikatoa zake, ndogo zaidi na za plastiki. Zote zilikuwa vitu vya kuchezea watoto. Leo wanunuzi wake ni wale waliokuwa watoto siku zile, na bei inafuata kanuni moja kali: sanamu ambayo haijawahi kutolewa katika pakiti yake ina thamani kubwa kuliko ile iliyochezewa. Mtoto aliyeipenda sanamu yake hata ikachubuka rangi, kwa macho ya soko ameiharibu. Aliyeisahau kabatini ndiye aliyeitunza.

Naanza na jambo hili la mbali, ndugu msomaji, kwa sababu ipo biashara nyingine ya sanamu inayotuhusu sisi watu wa Ziwa Tanganyika, na kanuni yake ni hiyo hiyo iliyopinduliwa. Katika minada ya sanaa ya Kiafrika ya Paris, Brussels na New York, sanamu ya mti isiyowahi kutumika haina bei ya maana. Mnunuzi anataka kuona mng'ao wa mafuta yaliyopakwa miaka mingi, masizi ya moshi wa nyumba, mahali palipolika kwa kushikwashikwa na mikono ya waliokuwa wakiomba. Anataka uthibitisho kwamba watu waliiamini. Ndiyo maana walaghai wa biashara hiyo hupoteza muda mwingi kuzeesha mti mpya: huufukia ardhini, huupaka mafuta, huutundika juu ya moshi. Wanaghushi ibada.

Kuna sharti la pili, nalo ndilo kiini cha makala haya. Mnunuzi huuliza historia ya umiliki: nani aliichukua, lini, kutoka kwa nani, na tangu hapo imepita mikononi mwa nani. Sanamu mbili zinazofanana, zilizochongwa pengine na fundi mmoja, hutofautiana bei kwa sababu moja ina karatasi na nyingine haina. Kwa hiyo sehemu kubwa ya thamani haimo ndani ya mti. Imo katika kumbukumbu. Na kumbukumbu za sanamu za ziwa letu, kwa sehemu kubwa, ziliandikwa na waliozichukua.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu ni sanamu ya Lusinga.

Lusinga lwa Ng'ombe alikuwa mtawala wa Watabwa katika milima ya pwani ya magharibi ya ziwa, kusini mwa mji unaoitwa leo Kalemie, huko Kongo. Hakuwa mtakatifu, na sina haja ya kumtakasa. Alipata nguvu katika miaka ile ambayo bunduki na baruti zilikuwa zikivuka ziwa kutoka mashariki, na watu waliotekwa wakivuka kuja mashariki. Alivamia majirani zake na kuuza mateka. Msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, aliyepita kwake mwaka 1879, alimweleza kama mtu wa kumwaga damu. Tukitaka kusema kweli, Ujiji yetu ilikuwa sehemu ya mfumo huo huo. Soko lake, majahazi yake na wafanyabiashara wake ndio waliolifanya ziwa zima kuwa barabara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Anayemshutumu Lusinga peke yake amesahau wanunuzi.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitisha mkutano mjini Brussels na kuanzisha Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichojitangaza kuwa cha sayansi na cha kupinga biashara ya utumwa. Mwaka 1879 watu wa chama hicho walijenga kituo Karema, upande wetu wa ziwa, leo mkoani Katavi. Mwaka 1882 akafika hapo afisa wa jeshi la Ubelgiji aliyeitwa Émile Storms, na mwaka uliofuata akavuka ziwa na kuanzisha kituo cha pili, Mpala. Wenyeji walimwita Bwana Boma. Jina hilo linatosha kueleza alichokuja kufanya: alijenga ngome, akakusanya Waungwana wa pwani na rugaruga wenye bunduki, akaanza kuwataka watawala wa jirani wamtambue kuwa mkubwa wao.

Lusinga hakukubali. Wawili hawa walikuwa wanafanana kuliko ambavyo Storms angependa kukiri: kila mmoja alikuwa mgeni wa aina fulani katika eneo analolitawala kwa bunduki, kila mmoja akidai utii, kila mmoja akitegemea wapiganaji wa kukodi. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walipanda hadi kijiji cha Lusinga, wakamuua, wakamkata kichwa, wakakipeleka kwa bwana wao. Kijiji kikateketezwa. Miongoni mwa vitu vilivyochukuliwa ilikuwamo sanamu ya mti yenye urefu wa kama sentimeta 70, ya mwanamume aliyesimama, mwili umechanjwa chale kwa mpangilio, nywele zimesukwa kwa ustadi na kushuka mgongoni.

Hapa inafaa tutulie kidogo na sanamu yenyewe, kwani wanaoiandika Ulaya huharakia kusimulia mauaji. Kwa Watabwa sanamu za aina hii zilihusiana na mipasi, yaani mizimu ya wahenga. Hazikuwa mapambo. Mtawala mwenye sanamu ya mhenga wake alikuwa na hoja ya ukoo: mimi natoka kwa huyu, na huyu alitoka kwa yule. Hata michoro ya pembetatu inayojirudia katika sanaa ya Kitabwa ina jina, balamwezi, maana yake kuchomoza kwa mwezi mpya, na msomaji wa Kiswahili atausikia mwezi ndani ya neno hilo bila kuhitaji mkalimani. Mtu kama Lusinga, aliyejipatia ukubwa kwa nguvu katika kizazi chake mwenyewe, aliihitaji hoja hiyo kuliko mtu mwingine. Sanamu ilikuwa hati yake. Kuichukua kulikuwa sawa na kuchoma faili la ardhi baada ya kumuua mwenye shamba.

Storms alilielewa jambo hilo. Hakuiokota kama kumbukumbu ya safari. Alichukua pia mafuvu ya watawala wengine wawili wa eneo hilo, Maribu na Mpampa, akawa na mafuvu matatu pamoja na sanamu kadhaa. Mwaka 1885, baada ya Mkutano wa Berlin kumpatia Leopold Kongo kwa njia nyingine, vituo vya Karema na Mpala vilikabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers, na Storms akarudi kwao. Mizigo yake ikaenda naye.

Kilichotokea Brussels kinasikitisha kwa jinsi kilivyopangika. Mwaka 1886 fuvu la Lusinga liliwasilishwa kwa wanachama wa Chama cha Anthropolojia cha Brussels, na daktari Émile Houzé akalipima na kuandika juu yake, akidai kusoma tabia ya mtu katika umbo la mifupa yake. Hiyo iliitwa sayansi. Sanamu ilibaki nyumbani kwa Storms. Picha ya sebule ya nyumba hiyo inaonyesha vitu vya Afrika vimepangwa ukutani na juu ya rafu ya mahali pa kuotea moto, kama wawindaji wanavyopanga pembe za wanyama. Storms alikufa mwaka 1918 akiwa na cheo cha jenerali, na katika miaka ya 1930 mjane wake akaukabidhi mkusanyo huo kwa makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Mwaka 1964 mafuvu yalihamishiwa taasisi ya sayansi asilia ya Ubelgiji. Sanamu ikabaki Tervuren.

Mtu mmoja, basi, amegawanywa katika taasisi mbili. Kichwa chake kiko kwenye mifupa, hati ya ukoo wake iko kwenye sanaa. Na kadiri miaka ilivyopita, nusu hizo mbili zilikwenda njia tofauti kabisa kwa thamani. Fuvu likawa aibu, likafichwa, hadi mwandishi wa habari Michel Bouffioux alipoliandika mwaka 2018 katika jarida la Paris Match la Ubelgiji. Sanamu ikapanda daraja. Imechapishwa katika vitabu, ikahesabiwa miongoni mwa kazi bora za Kongo. Mwaka 1985 maonyesho makubwa ya sanaa ya Kitabwa yaliandaliwa huko Michigan, Marekani, na mtafiti Allen Roberts, aliyeishi miongoni mwa Watabwa katika miaka ya 1970, akaja kuandika kitabu kizima juu ya Lusinga na Storms, kilichotoka mwaka 2013. Kitabu hicho kinaweka masimulizi ya wenyeji kando ya shajara ya Storms, na masimulizi hayo mawili hayapatani. Kwangu, hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Sasa msomaji apime jambo hili. Kwa nini tunalijua jina la mwenye sanamu hii? Zipo sanamu nyingi sana za ziwa letu katika makabati ya Ulaya, na nyingi hazina jina la mwenyewe wala la fundi. Zina neno moja tu: Tanganyika, au Ujiji, au jina la kabila lililobahatishwa. Hii ina jina, siku, mwezi na mwaka, kwa sababu aliyeichukua alijivunia mauaji. Laiti ingenunuliwa kwa amani kwa nguo chache na shanga, huenda leo ingekuwa namba isiyo na mtu. Ukatili ndio ulioipa karatasi, na karatasi ndiyo iliyoipa thamani. Kanuni ya soko haiulizi kama historia ya umiliki ni safi. Inauliza kama ipo.

Nimewahi kuambiwa na mwenzangu kwamba tusiwalaumu Wazungu kwa kuthamini tusichokithamini wenyewe. Ni hoja inayorudiwa mno katika ofisi za serikali, na haina msingi. Watu wa ziwa hili walikuwa mabingwa wa kupanga thamani. Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alieleza jinsi soko lilivyotumia shanga ziitwazo sofi kama fedha: asubuhi walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi waliobadilishia wanunuzi shanga za aina nyingine, na soko lilipofungwa wakazipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida kila upande. Hayo ni maduka ya kubadilishia fedha, miaka mingi kabla ya benki kufika Kigoma. Jamii yenye ujuzi huo haikushindwa kujua kwamba sanamu ya mhenga ina thamani. Ilijua kwamba ni thamani isiyobadilishwa kwa sofi.

Tulichokosa ni kitu kingine, nacho kinaonekana vizuri pale pale Ujiji. Katika makumbusho ya Livingstone, mahali ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, kwa miaka mingi wageni wameonyeshwa sanamu mbili za ukubwa wa mtu, zilizotengenezwa kwa karatasi iliyokandwa kwa gundi. Ni Livingstone na Stanley, wanasalimiana, kila mmoja ameinua kofia. Wanafunzi niliowapeleka huko walipiga nazo picha, wakacheka, na sikuwazuia. Zina ucheshi wake. Lakini mara nyingi nimefikiri kwamba tukitaka kuelewa hali yetu ya kihistoria, tuziweke akilini sanamu hizi mbili pamoja na ile ya Tervuren. Wageni wawili wa karatasi wanatunzwa kando ya ziwa. Wenyeji wa mti wanatunzwa Ulaya. Ujiji ilikuwa mji wenye Wajiji, Waungwana, Wamanyema, Waarabu na Wanyamwezi, na kile kinachosimama katikati ya kumbukumbu zake ni maamkizi ya dakika chache kati ya watu wawili waliokuwa wakipita.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, naomba tuitazame sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inalinda milango ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1940. Kwa vitu vya baadaye inatambua vile vilivyotengenezwa kwa matumizi ya kijamii na kiutamaduni, na inaviacha nje vile vilivyochongwa kwa ajili ya kuuzwa kwa watalii. Ni sheria yenye busara kuliko inavyosemwa: imeelewa kwamba tofauti iko katika matumizi, jambo lile lile ambalo soko la Ulaya huligeuza kuwa bei. Udhaifu wake uko kwenye utekelezaji. Afisa wa forodha katika bandari ya Kigoma anajuaje kwamba sanamu iliyofungwa ndani ya kanga ilipakwa mafuta na vizazi vitatu, au ilizeeshwa mwezi uliopita? Hawezi kujua, isipokuwa pawepo mtu aliyeiandika kabla haijafungwa.

Hapa kinyago kimoja cha Kimakonde kinatufundisha zaidi kuliko mihadhara yangu. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yalivunjwa na vitu 17 vikaibwa, kikiwamo kinyago hicho. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 profesa mmoja wa Italia, Enrico Castelli, akakitambua. Majadiliano yalichukua muda mrefu kupita kiasi, hadi Mei 2010 kinyago kilipokabidhiwa kwa Tanzania. Miaka 26 tangu kuibwa. Ni mingi, lakini kilirudi, na hoja ya kukirudisha ilisimama juu ya ukweli mmoja mkavu: kilikuwa kimesajiliwa kwetu, na wizi wake ulikuwa na tarehe. Kwa mara moja karatasi ilikuwa upande wetu.

Linganisheni na vitu vya enzi ya Wajerumani. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliagiza kwamba vitu vinavyokusanywa na maafisa na misafara iliyogharamiwa na dola vipelekwe kwanza kwenye makumbusho ya Berlin. Wajerumani walipoweka kituo Ujiji mwaka 1896, agizo hilo lilikuwa tayari na miaka saba. Maelfu ya vitu kutoka Tanganyika yako huko. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea akaomba radhi kwa maovu ya vita vya Maji Maji, na suala la mabaki ya watu na vitu likazungumzwa. Nililipokea kwa heshima, na pia kwa wasiwasi. Fuvu la Mkwawa liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudi Kalenga mwaka 1954, na hilo lilikuwa la mtu maarufu mwenye jina. Kwa vitu visivyo na jina tutadai nini, tukidai kwa orodha iliyoandikwa Berlin?

Ubelgiji nako mambo yamesogea. Mwishoni mwa Juni 2022 sanamu ya kichwa na mabega ya Jenerali Storms iliondolewa katika uwanja wa Meeûs, Brussels. Siku chache baadaye, tarehe 3 Julai, ikapitishwa sheria inayoruhusu vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni kutolewa katika mali ya dola na kurejeshwa. Sheria hiyo inahusu vitu. Mabaki ya binadamu hayamo. Kwa hiyo mgawanyo wa mwaka 1886 unaendelea kisheria: sanamu ya Lusinga inaweza kuombwa kwa njia moja, na kichwa chake lazima kitafutiwe njia nyingine.

Na hata njia hiyo ya kwanza ni ya serikali kwa serikali. Ombi litatoka Kinshasa, mji ulio mbali sana na Mpala, wakati kutoka Mpala hadi Karema ni kuvuka ziwa tu. Watabwa wako Kongo, wako Zambia, na wako upande wetu pia. Mpaka unaopita katikati ya maji haukuwapo siku ile ya Desemba 1884, na mizigo ya Storms haikusimamishwa na forodha ya nchi yoyote. Nauliza, basi, na ninawauliza hasa wanaofanya kazi katika wizara inayosimamia mambo ya kale na katika ofisi za utamaduni za Kigoma, Katavi na Rukwa: ni wilaya gani kando ya ziwa ambayo leo ina daftari la vitu vya wahenga vilivyobaki majumbani, lenye jina la mwenyewe, jina la fundi kama linakumbukwa, na picha? Wazee wanaoweza kuyataja majina hayo wangali hai, na kuuliza hakuhitaji mkataba wa kimataifa. Kunahitaji daftari, kalamu, na afisa aliyeruhusiwa nauli ya boti.